Kupe na matembezi ya Nairobi: mwongozo kamili wa kujikinga, kumng'oa na kuitambua homa yake

Wikendi ikifika, Nairobi hutoka nje. Malango ya Karura hujaa wakimbiaji na familia, magari yanapanda kuelekea Ngong, na vikundi vya matembezi hukutana alfajiri kuabiri matatu ya kwenda Kereita au Longonot. Ni jambo jema, na mwongozo huu haukuandikwa kumtisha mtu abaki nyumbani. Umeandikwa kwa sababu ya jambo moja linaloumiza watu bure: mtu anashikwa na homa wiki moja baada ya kupita nyasini, anapimwa malaria, anapimwa taifodi, anatumia dawa hii na ile, na hakuna yeyote, yeye mwenyewe akiwemo, anayetaja kupe.

Tumezoea kumhesabu kupe kuwa shida ya ng'ombe na mbwa. Hata jina la mji wetu limo katika vitabu vya magonjwa ya mifugo duniani, kwa ugonjwa wa kondoo wa Nairobi uliotambuliwa hapa mwaka 1910, unaoenezwa na kupe wa kahawia wa masikioni. Huo humpata binadamu kwa nadra sana. Lakini kuna homa nyingine za kupe ambazo hutupata sisi moja kwa moja, na zina dawa ya bei nafuu ikiwa tu mtu atakumbuka kuuliza.

Ukitaka kushika mawili tu kati ya yote yaliyomo humu, shika haya: jikague mwili mzima jioni ileile, na ukipata homa ndani ya wiki mbili, mwambie daktari ulikotembea.

Mjue anavyowinda

Kupe haruki wala hana mabawa, na hamwangukii mtu kutoka mtini. Wengi wao hupanda ncha ya jani la nyasi, kimo cha goti au chini yake, wakajishikiza kwa miguu ya nyuma na kuinyoosha ya mbele hewani. Hiyo ya mbele ndiyo pua yake: inanusa hewa tunayoitoa kifuani na kuhisi joto la mwili. Ukipita ukaligusa jani, tayari ameshahamia kwenye soksi yako. Hapo huanza kupanda taratibu akitafuta ngozi laini yenye joto, na anaweza kuzunguka mwilini muda mrefu kabla hajauma. Muda huo ndio nafasi yako.

Wapo wengine wasiosubiri. Kupe wakubwa wa jamii ya Amblyomma, wenye miguu iliyozungushiwa pete nyeupe, wakinusa pumzi yako hushuka ardhini na kukufuata kwa miguu. Dume la Amblyomma variegatum huwezi kulisahau ukiliona: mgongo wake una rangi ya machungwa iliyokolea yenye mistari na madoa meusi, kama ushanga. Hawa ndio wenye kueneza homa inayotuhusu zaidi, na ndio sababu ya kusema kwamba kuketi nyasini kwa saa nzima mkila kuna hatari kuliko kupita haraka njiani.

Halafu kuna wachanga. Jike mmoja hutaga mayai kwa maelfu, mahali pamoja, na kupe aliyetoka yaini ana miguu sita tu na hazidi punje ndogo ya mchanga. Ukikanyaga penye kundi lao, unaona vidoa vidogo vya kahawia vikipanda mguuni kwa makumi. Watu wengi hudhani ni vumbi. Tazama kwa dakika moja bila kupangusa: vumbi halitembei.

Mahali na majira

Penye wanyama pana kupe. Vilima vya Ngong ni malisho ya ng'ombe, mbuzi na kondoo kwa mwaka mzima, kwa hiyo zile nyasi fupi zinazopendeza kwa picha si salama kama zinavyoonekana. Karura ina pongo, funo na paa. Ukibaki kwenye njia pana za msitu huo hatari ni ndogo, ukiingia kichakani kutafuta kivuli inaongezeka. Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1946, haina ua upande wa kusini, na wanyama pori na mifugo wa Kitengela hutumia uwanda mmoja. Ndani ya gari hakuna shida. Shida ni kwenye vituo vya kupumzikia, watoto wanapokimbilia nyasi ndefu.

Usisahau pia kiwanja kitupu karibu na kwenu kinachochungiwa mbuzi, wala ua wa nyumba yenye mbwa. Kupe wa kahawia wa mbwa anaishi na kuzaana hadi ndani ya nyumba, kwenye nyufa za ukuta na chini ya matandiko ya mbwa.

Kuhusu majira, kupe wakubwa huongezeka mvua inapoanza, ile ndefu ya Machi hadi Mei na ya vuli ya Oktoba hadi Desemba. Wachanga huonekana zaidi ukavu unapofuata. Kwa hali ya hewa yetu hakuna mwezi wa kusema kupe wameisha.

Hatua ya 1: Nguo

Hapa ndipo kinga ya bei nafuu kuliko zote ilipo. Suruali ndefu, rangi ya maziwa, kijivu hafifu au kaki iliyopauka, ili kupe aonekane akipanda. Kwenye soko la Gikomba au Toi utapata suruali ya kitambaa chepesi kwa bei ndogo, na hiyo inafaa kuliko taitsi nyeusi ambayo inaficha kila kitu. Soksi ndefu, suruali ichomekwe ndani ya soksi, shati lichomekwe ndani ya suruali. Najua watu huona haya kupiga picha wakiwa hivyo. Chomeka hata hivyo ukiwa nyasini; ukifika penye picha, chomoa. Lengo ni kumlazimisha kupe apande juu ya nguo, mahali unapomwona, badala ya kupita chini yake.

Viatu viwe vya kufunika mguu wote. Sandali na kaptula ziache kwa siku ya Arboretum, na hata huko usitoke njiani.

Hatua ya 2: Dawa ya ngozi na dawa ya nguo

Ni dawa mbili tofauti, na kutumia moja mahali pa nyingine kunaleta madhara.

Ya ngozi ni ile yenye DEET au pikaridini. Soma lebo. DEET ya asilimia 20 hadi 30 inatosha kwa saa kadhaa. Pikaridini ya asilimia 20 hufanya kazi vizuri pia na haina harufu kali. Paka vifundoni, miguuni, mikononi na shingoni, si chini ya nguo. Ukitumia mafuta ya kukinga jua, hayo yatangulie, dawa ifuate. Mtoto mpake wewe: weka kwanza kwenye kiganja chako, kisha mpake, ukiacha macho, mdomo na vidole vyake, kwa maana vidole vitaishia mdomoni. Mafuta ya mkaratusi wa limau yaliyotengenezwa kuwa dawa ya wadudu hayafai kwa mtoto aliye chini ya miaka 3.

Ya nguo ni permethrini ya asilimia 0.5. Hii haipakwi mwilini. Hupuliziwa kwenye suruali, soksi na viatu, nje penye hewa, kisha huachwa ikauke kabisa kabla ya kuvaliwa, na hudumu kwa kufuliwa mara kadhaa. Kupe akiigusa hulegea na kuanguka. Kama una paka nyumbani, mweke mbali hadi nguo zikauke, kwa kuwa permethrini mbichi ni sumu kwake.

Nasema hili kwa msisitizo: dawa ya kuogeshea ng'ombe inayouzwa agroveti usiipake mwilini mwako wala mwa mtoto, hata ikichanganywa na maji mengi kiasi gani. Imetengenezwa kwa ngozi ya mnyama, na kuna watu wanaojifanyia hivyo kwa kuwa ni rahisi kupatikana. Hatari yake ni kubwa kuliko ya kupe mwenyewe.

Pesa zikiwa hazitoshi, nunua soksi ndefu kwanza, dawa ya ngozi ifuate.

Hatua ya 3: Mkiwa njiani

Tembea katikati ya njia. Nyasi za pembeni, zile zinazoinamia njiani, ndizo wanyama huzigusa wakipita, na ndizo kupe huzipenda. Kila mkisimama kupumua, angalia suruali yako na ya mwenzako kuanzia kifundo hadi kiunoni. Ni kazi ya nusu dakika.

Mkikaa kula, tandikeni shuka au turubai ya rangi nyepesi, pawe penye jua, mbali na njia za ng'ombe na miti wanayojikuna. Begi litundikwe, lisilazwe nyasini. Chaguo zuri kuliko yote ni benchi au jiwe lisilozungukwa na nyasi.

Beba vitu vichache kwenye mfuko mdogo wa plastiki: kibano chembamba cha nyusi, spiriti kidogo na pamba, na selotepu pana. Selotepu ndiyo dawa ya wale wachanga. Ukiwaona mguuni kwa wingi, usiwapanguse kwa mkono maana unawasambaza. Bandika selotepu, ng'oa, bandika tena, kisha ikunje wakiwa wamenasa ndani. Inafanya kazi kwenye nguo na kwenye ngozi kabla hawajauma.

Hatua ya 4: Jioni ileile

Ukifika nyumbani usijitupe kitandani wala kwenye kochi. Nguo ziende moja kwa moja kwenye beseni la maji ya moto kabisa, kisha zianikwe juani. Maji baridi hayamuui kupe, anaweza kuoga ndani yake na kutoka mzima. Kama una mashine ya kukausha kwa joto, dakika kumi za joto la juu kwa nguo kavu zinatosha.

Oga ndani ya saa mbili. Kisha, kwa mwanga mzuri na kioo, anza chini kwenda juu: katikati ya vidole vya miguu, vifundo, nyuma ya magoti, kinena, sehemu za siri, matako, kitovu, mstari wa mkanda wa suruali, chini ya mkanda wa sidiria, makwapa, nyuma ya masikio na ndani yake, kisogo. Mwenye nywele za kusuka apitishe ncha za vidole kwenye kila mstari, polepole. Kupe anayenyonya unamhisi kama kauvimbe kagumu ambako jana hakakuwapo. Mgongo huwezi kujiona, kwa hiyo omba msaada. Kwa watoto, mzazi akague mwenyewe hata kama mtoto anasema ameshajikagua.

Rudia kesho yake asubuhi. Aliyekuwa mdogo jana akishanyonya huwa mkubwa na kuonekana.

Hatua ya 5: Kumng'oa aliyeuma

Usiwe na wasiwasi, wala usingoje kufika hospitali. Kila saa anayobaki inaongeza nafasi ya maambukizi.

1. Mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, penye mdomo wake. Usimshike tumboni, kwa maana ukimbana tumbo unamfanya asukume maji yake ndani mwako.
2. Vuta juu kwa nguvu iliyo sawa, bila kukatiza. Usizungushe, usikwanyue. Ngozi itainuka kidogo, subiri, ataachia.
3. Kipande cha mdomo kikibaki, jaribu kukitoa kwa kibano. Kikikataa, kiache, mwili utakisukuma wenyewe. Kuchokora kwa sindano kunaleta jipu.
4. Osha kwa sabuni na maji, kisha pangusa kwa spiriti. Nawa mikono.
5. Mtie kupe kwenye selotepu au kichupa chenye spiriti. Piga picha yake, na uandike tarehe na mahali mlipotembea.

Kama huna kibano, funika vidole kwa karatasi laini au mfuko wa plastiki na umshike vilevile karibu na ngozi.

Mafuta ya taa, mafuta ya kupikia, njiti ya kiberiti, sigara, rangi ya kucha: haya yote tumeyasikia kwa wazee wetu na kwa majirani, na yote yaachwe. Hayamfanyi kupe aondoke haraka, yanamchokoza tu akiwa bado amekita mdomo, na moto unakuachia kidonda cha pili.

Usimponde kwa kucha pia, wala usiwapasue kupe wa mbwa wako kwa vidole vitupu kama wengi wafanyavyo. Damu iliyomo inaweza kubeba virusi vya homa ya Kongo na Krimea, ugonjwa wa kutokwa damu unaoenezwa na kupe wa jamii ya Hyalomma. Ni nadra kwetu, lakini upo: Kenya ilithibitisha mgonjwa wake wa kwanza mwaka 2000, magharibi mwa nchi, naye alifariki. Wanaochinja na kuchuna ndio walio hatarini zaidi, kwa kuwa damu mbichi ya mnyama aliyeambukizwa pia huueneza.

Kumeza antibayotiki kwa sababu tu umeumwa, kabla ya dalili yoyote, haishauriwi kwa homa za huku kwetu.

Hatua ya 6: Wiki mbili za kujiangalia

Alama ndogo nyekundu inayowasha siku mbili tatu ni kawaida. Unachokitafuta ni kingine.

Homa ya kupe ya Afrika husababishwa na bakteria aitwaye Rickettsia africae, aliyetambuliwa kama spishi ya peke yake miaka ya 1990. Ndugu yake, Rickettsia conorii, huletwa na kupe wa mbwa, na wataalamu wa zamani waliiita homa hiyo kwa jina la Kenya. Zote mbili huanza kwa kawaida siku tano hadi kumi baada ya kuumwa. Kichwa kinauma sana, misuli inauma, hasa shingo, mwili unachemka, na mahali ulipoumwa pana kidonda kidogo chenye kigaga cheusi katikati na wekundu kukizunguka. Kidonda hicho mara nyingi hakiumi, na kwa kuwa hakiumi hakuna anayekitazama. Karibu nacho tezi huvimba. Ukiumwa mguuni utapata mtoki. Homa ya Rickettsia africae inaweza kuleta vigaga viwili au zaidi kwa mtu mmoja, kwa sababu wale kupe wa miguu ya pete hushambulia kwa pamoja. Vipele mwilini vinaweza kuwapo au visiwepo.

Ukitafuta habari za kupe kwenye intaneti utakutana zaidi na ugonjwa wa Lyme na ile alama yake ya duara jekundu. Ni ugonjwa wa kweli na mzito, lakini makao yake ni Marekani, Ulaya na sehemu za Asia, na kupe wake ni wengine. Kwa aliyetembea Ngong, kusubiri duara hilo ni kupoteza muda. Tafuta kigaga cheusi. Vilevile zile saa 24 za usalama zinazotajwa ni hesabu za Lyme. Riketsia, yaani bakteria hawa wa homa ya kupe, hupita mapema zaidi.

Ukilala kwenye nyumba kuukuu ya udongo safarini, hasa Tanzania ya kati, kuna papasi. Yeye ni kupe laini asiyeonekana mchana: hujificha kwenye nyufa za sakafu na ukuta, huuma usiku kwa dakika chache na kurudi. Homa ya papasi huja, hupoa, kisha hurudi tena baada ya siku kadhaa. Ndiyo iliyomuua daktari Mwingereza Joseph Everett Dutton mwaka 1905 alipokuwa akiichunguza huko Kongo, na bakteria wake akapewa jina lake, Borrelia duttonii. Chandarua, kitanda kilichoinuliwa na kutolala sakafuni ndiyo kinga.

Hatua ya 7: Mbele ya daktari

Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na malaria ya kuambukizwa hapahapa mjini si ya kawaida. Hata hivyo kipimo cha malaria ni lazima kwa kila homa, hasa kama ulikuwa Kisumu, Busia au pwani siku za karibuni. Usikikatae. Kikitoka safi, usiridhike na "ni virusi tu" wala na taifodi ya kukisia kabla hujasema maneno haya waziwazi: nilitembea mahali fulani, tarehe fulani, niliumwa na kupe au nilipita penye kupe, na hiki ndicho kidonda. Vua soksi, mwonyeshe. Toa ile picha na tarehe uliyoandika. Hata kama hukumwona kupe yeyote, sema ulitembea. Wagonjwa wengi hawakumwona aliyewauma.

Riketsia hutibiwa kwa doksisaiklini, na kwa kawaida mgonjwa huanza kupata nafuu ndani ya siku mbili tatu. Amoksisilini na jamii ya penisilini hazifanyi kazi kwa bakteria hawa, kwa hiyo mtu anayejinunulia vidonge chemisti anaweza kumaliza dozi nzima na asione badiliko lolote. Vipimo vya damu vya riketsia mara nyingi huwa havijaonyesha kitu wiki ya kwanza, na daktari anayeujua ugonjwa huu huanza matibabu kwa dalili na maelezo yako. Mjamzito aseme mapema, kabla dawa haijaandikwa. Meza doksisaiklini pamoja na chakula na maji mengi, usilale papo hapo, na ujihadhari na jua kali.

Nenda hospitali bila kungoja asubuhi ukiona kuchanganyikiwa akili, damu kutoka puani, kwenye ufizi au kwenye choo, kupumua kwa shida, shingo kukakamaa, au mtoto aliyelegea asiyetaka kunywa.

Mbwa na nyumba

Anayetembea na mbwa Karura arudi naye akijua kwamba huyo ndiye aliyebeba wengi zaidi. Mkague masikioni, katikati ya vidole, chini ya ukosi na kwapani kabla hajaingia ndani. Daktari wa mifugo atakupa tembe za kila mwezi au za miezi mitatu, au ukosi wenye dawa, kulingana na uzito wa mbwa. Usigawe tembe ya mbwa mkubwa kwa wadogo wawili. Matandiko yake yafuliwe kwa maji ya moto kila wiki, nyufa zizibwe, nyasi za ua zikatwe. Na kwa nia njema kabisa: mbwa aliyejaa kupe asilale kitanda kimoja na mtoto.

Ukiwa na wageni kutoka nje

Madaktari wa Ulaya na Marekani huipata homa hii kwa watalii waliorejea kutoka Afrika, kusini mwake hasa, na mgeni wako anaweza kutembea Ngong Jumamosi, akapanda ndege Jumanne, na homa ikamshika akiwa kwao, ambako daktari wake pengine hajawahi kuona kigaga cha aina hiyo. Kabla hajaondoka mkague kama unavyomkagua ndugu yako, kisha mwandikie kwenye simu yake mahali mlipotembea, tarehe, na jina Rickettsia africae, aonyeshe daktari homa ikimshika ndani ya wiki mbili.